Mwelu wa Ukurasa wa Kwanza

Nyumba ya Kilonzo,
Mtaa wa Tena,
Nairobi.
8 Oktoba 1996

Mpendwa mwanangu Ndinda,

Hujambo mama? Kile kifua kimepona, ama bado unakohoa na kusingizia vumbi? Najua huko Kanada majani sasa yanaanguka na baridi inapiga hodi, ndivyo ulivyosema mwaka jana wakati kama huu. Vaa ile sweta ya kijani. Najua haikupendezi, lakini sikuifuma ikupendeze, niliifuma ikupe joto.

Mwalimu Patrobas alitufundisha kwamba barua ya heshima huanza na salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Hizo nimezikataa, maana bahari sijaiona. Nakuletea salamu zinazohesabika: yangu, ya baba yako mdogo Kilonzo, ya Muthama na mkewe na ya mtoto wao, ambaye ameota meno mawili na anauma kila mtu.

Sisi huku ni wazima, Mungu asifiwe. Goti la Kilonzo bado linamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa. Ameniambia nikuulize kama daktari wa vitabu anaweza kumwandikia mtu dawa ya goti. Muthama alihamia Komarock mwezi wa saba, nyumba nzuri kweli, ila maji huja Jumatano peke yake. Kwa hivyo kila Jumanne wanakumbuka sana kunitembelea, na wanakuja na mitungi.

Usishtuke kwa mwandiko huu. Ni mkono wangu. Barua zote za nyuma nilikuwa nikisema na Muthama akiandika, na alikuwa mwizi yule: mimi nasema nusu saa, yeye anaandika mistari mitatu, eti "mama anakusalimu sana". Hii haina karani. Tarehe niliyoweka juu ni ya siku niliyoanza, na leo ni siku ya sita. Naandika baada ya kuosha vyombo vya mchana, kwenye meza ile uliyokuwa ukifanyia hesabu za shule. Nikikosea nakata mstari, sifuti. Mwalimu anasema mtu mzima akikosea na akosee hadharani.

Kwanza nikupe pongezi kwa maandishi, maana zile za simu zilikatika katikati. Daktari Ndinda! Hapa mtaani nimewaambia hata wasioniuliza. Mama mwenye duka la pembeni akaniambia basi akija amtazamie mtoto wake, ana homa. Nikamweleza wewe si daktari wa homa, ni daktari wa watu wazima kusoma. Akanitazama kwa huruma, akanifungia sukari yangu.

Nakumbuka mwaka wa 1985, ulipoacha kazi ya sekondari kule Kangundo na nyumba ya mwalimu umeshapewa, ukaja kuniambia umejiandikisha Idara ya Elimu ya Watu Wazima. Ndugu za baba yako walikuja hapa kufanya kikao. Ati msichana amesoma hadi chuo kikuu, sasa anakwenda kuwashika wazee mikono waandike a, e, i, o, u. Nani atamwoa? Niliwapikia chai nikawaambia mtoto hajaiba. Lakini moyoni nilikuwa nimekasirika kuliko wao. Niliona unakwenda kuwafundisha ngumbaru wote wa Kenya, na ngumbaru wako wa nyumbani umemwacha kanisani ameshika kitabu cha nyimbo juu chini.

Ulijua, Ndinda. Na mimi nilijua kwamba unajua. Tangu ukiwa darasa la nne ulikuwa ukileta barua kutoka shule na kuisoma kwa sauti jikoni, ukijifanya unajisomea mwenyewe, ili nisikie. Nami nilikuwa nikisema macho yangu ni mabaya. Tuliishi hivyo miaka na miaka, tukipendana na kudanganyana. Hukunisukuma hata siku moja. Nilikwenda darasani mwenyewe 1991, na unajua vile nilivyokwenda: magari mawili mpaka Huruma, kwenye ukumbi wa kanisa, ili asinione jirani yeyote wa Tena na daftari. Vijana wa kule kwenye maghorofa wamenizoea. Wananiambia, "Niaje mathe, leo kuna mtihani?" Nawaambia mtihani ni wao.

Halafu 1994 ukaja na kinasa sauti, miezi minane, ulale kwangu na ushinde darasani kwetu. Mimi nilidhani utafiti ni kuhesabu watu. Nilingoja utoe karatasi utie alama, wangapi wanajua na wangapi hawajui. Wapi! Utafiti wako ni kukaa. Unakunywa chai ya watu, unauliza "ilikuwaje?", halafu unanyamaza mpaka mwenzako aone haya ya kunyamaza na aseme yote. Nikakuuliza, hivi wazungu wanakulipa kwa umbea? Ulicheka hadi ukaweka kikombe chini. Ndipo ukanieleza kwamba wako wanaohesabu wasiojua kusoma ni wangapi, nao wanafanya kazi nzuri, lakini wewe unataka kujua kutojua kusoma kunamuuma mtu wapi. Hayo niliyaelewa siku ile ile.

Sasa kitabu chako cha udaktari. Kilifika mwezi wa sita, kizito, jalada jekundu. Sikungoja mtu. Nilikifungua hapa mezani peke yangu, na ingawa ni Kiingereza, jina ni jina katika lugha zote. Ukurasa wa kwanza kabisa una mistari miwili tu, na katikati nikaona M, w, e, l, u. Nikasoma mara tatu. Nikamwita Kilonzo aje aone, akaniuliza kwani kuna nyoka? Alhamisi Mwalimu Patrobas akanifasiria: "Kwa Mwelu, aliyenilea na kunifundisha kusikiliza." Ndinda, nililia mbele ya darasa zima, na Truphena, yule rafiki yangu wa Siaya mwenye sauti ya tarumbeta, alinipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Mungu akubariki kwa mistari ile miwili.

Tukakubaliana kila Alhamisi Mwalimu atusomee kurasa chache kwa Kiswahili. Unamjua Patrobas, alikuwa karani wa baraza la jiji miaka thelathini, hawezi kusoma kitu bila kusafisha koo kwanza. Ikawa starehe yetu. Ila tukagundua hatumo. Yumo Grace, yumo Agnes, yumo Samson, yumo Rebecca. Sisi hatumo. Mwalimu akatueleza kwamba hiyo ni sheria ya watafiti, mtu aliyesimulia mambo yake hufichwa jina asije akadhurika. Haya, tukacheka, tukaanza kuotea nani ni nani. Haikuchukua dakika kumi. Darasani tuna mwanamume mmoja tu, Mzee Nahashon wa reli, kwa hivyo Samson ni nani mwingine? Mzee akasimama na kofia yake. Akasema Samson ni jina la shemeji yake, hawajasemeshana miaka kumi na miwili, na katika majina yote ya dunia Daktari amekwenda kumvisha hilo. Akaapa hatasikiliza tena. Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Mpaka hapo ilikuwa mzaha. Mzaha ulikwisha mwezi wa tisa zilipofika fomu zako.

Nilizipeleka mwenyewe kwa furaha, kwa kuwa uliniandikia kwamba wachapishaji wanataka kukifanya kitabu kwa Kiswahili kisomwe katika madarasa ya ngumbaru nchi nzima, na kinachohitajika ni kila mmoja akubali maneno yake yatumike. Ukaniomba niwahimize, fomu zikufikie kabla ya tarehe kumi na tano Novemba, la sivyo wachapishaji wataendelea na kazi nyingine. Nikasema hilo jambo dogo. Mwalimu akasafisha koo akasoma. Alipofika chini, kwenye kile kisanduku ulichochora, akasoma: "Weka kidole gumba hapa."

Mwanangu, kalamu zote ziliwekwa chini. Nilisikia masufuria ya mama wa mahamri kule nje. Halafu Truphena akasema, polepole, na yeye hajui kusema polepole: "Miaka mitano tunajifunza kuacha kidole. Leo Daktari anatutaka tukirudishe?" Akaikunja fomu yake mara nne. Akasema kwamba alipoanza darasa alikuwa na haja moja tu, siku moja aandike Truphena mahali ambapo mtu mwingine atapasoma. Sasa kitabu kimekuja anaitwa Grace, na fomu imekuja inataka dole lake. Wakakataa wote. Ng'o, hata mmoja hakutia.

Nilikukasirikia sana. Nikuambie ukweli, nilirudi nyumbani nikitembea kwa hasira, nikampita mke wa mchungaji bila kumsalimu. Wewe uliyesoma hadi ukafika mwisho wa kusoma! Ulishinda nasi miezi minane ukiona Mzee Nahashon anatoa ulimi nje akiandika N, ulimpigia makofi siku aliyotia sahihi kitabu cha posta. Kisha ukae huko kwenye barafu ukamchoree kisanduku cha dole? Najua uliichukua fomu ya watu wengine ukaifuata vile ilivyo. Najua hukukusudia. Lakini hili ni kosa ambalo mtu asiyetujua hangetuumiza nalo, wewe ndiye umeweza.

Wiki mbili nilikaa na barua yako ya kuniomba niwahimize, sikuwahimiza. Nikikutetea, nawatukana wenzangu. Nikinyamaza, kitabu chako kinakufa. Na kazi yako yote, miaka kumi na moja tangu kikao kile cha chai, ilielekea kitabu hiki. Niliomba Mungu anionyeshe njia. Akanionyesha, ila si niliyoitaka.

Alhamisi ya tarehe ishirini na sita Mwalimu alifika ukurasa wa mia na kumi na mbili. Rebecca, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, anayesuka vyondo huku akiongea. Mimi nilikuwa na kiondo mapajani. Hakuna mwingine anayesuka darasani. Mikono yangu ikasimama. Nilijua kinachokuja, na sikuweza kumwambia Mwalimu anyamaze.

Akasoma yote. Mimi nayaandika hapa kwa mkono wangu, kwa sababu nilipoyasema mara ya kwanza niliyasemea kile kidude chako chenye taa nyekundu, na ilikuwa rahisi kukiambia kidude kuliko kukuambia wewe. Uliniuliza swali ulilowauliza wote: nikuambie siku moja ambayo kutojua kusoma kuliniumiza. Ningeweza kukuambia kidogo tu, jinsi nilivyopotea na basi la Kariobangi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Ilikuwa 1971, tulikuwa bado tunakaa Jericho. Akina mama wa kanisa walikuwa wamenichagua mwandishi wa kikundi, kwa kuwa nilikuwa nimewaambia nilifika darasa la nne. Nilikuwa nikichora chora kwenye daftari, halafu nasoma mkutano wote kutoka kichwani. Walisema hawajapata mwandishi hodari kama mimi. Jumanne tarishi wa posta akaja na baiskeli, akanipa telegramu. Kilonzo alikuwa safarini Mombasa na lori. Nikaifungua. Nikaitazama. Tarishi akaniuliza, "Kuna jibu, mama?" Nikatikisa kichwa, nikamwambia hakuna jibu.

Majirani pande zote mbili walijua kusoma. Hatua nne tu kutoka mlangoni kwangu. Lakini ningempelekea jirani karatasi ile, kesho kikundi kizima kingejua mwandishi wao ni nani. Nikajiambia labda ni mambo ya kazi ya Kilonzo. Nikaiweka ndani ya Biblia. Alirudi Ijumaa mchana, akaisoma amesimama na kofia kichwani, akaketi. Dada yangu alikuwa amefariki Alhamisi asubuhi. Tulipofika walikuwa wanatungoja sisi tu wazike. Waliniambia aliniita tangu Jumatatu, na kila mlango ulipolia alifungua macho.

Nina dada mmoja tu niliyepewa na Mungu. Nthambi. Mama yako.

Nawe ulikuwa mlangoni na gauni la bluu, miaka tisa, ukaniuliza, "Mama mdogo, mbona hukuja?" Nikakuambia mvua ilibomoa daraja. Hakukuwa na mvua, Ndinda. Daraja halikuwa na neno. Nilikudanganya siku ile na nikaendelea kukudanganya miaka ishirini na mitatu, nikikusuka nywele na kukuosha miguu, na kila uliponiita mama nilisikia mlango ule ukilia.

Siku ile ya kinasa sauti nilipomaliza kusema, ulibonyeza kidude, taa ikazima. Ukaniambia, "Asante kwa muda wako." Hivyo hivyo ulivyowaambia wengine. Ukaenda jikoni ukaosha vikombe vilivyokuwa tayari vimeoshwa. Wiki iliyofuata ulinipeleka mjini nikapimwe macho, ukaninunulia miwani hii ninayoandikia. Hukusema neno. Nimekaa na miwani hii miaka miwili nikijiuliza kama ndiyo lilikuwa jibu lako, na kama ndiyo, lilikuwa linasema nini.

Basi, turudi darasani. Mwalimu alipomaliza kusoma, watu waliangalia sakafu. Walikuwa wananiheshimu kwa kujifanya hawajui. Ndipo akasoma na sentensi ya mwisho ya ukurasa: "Mtafiti hakuweza kuendelea na mahojiano siku hiyo." Truphena akauliza, "Mtafiti ni nani?" Mwalimu akasema ni Daktari Ndinda mwenyewe, wanaandika hivyo.

Kumbe! Kumbe nawe umejificha! Umenificha mimi ndani ya Rebecca, ukajificha wewe ndani ya mtafiti, ukawaacha watu wawili wageni wakaongee habari za kifo cha mama yako kwa Kiingereza. Sijui nilipata wapi nguvu. Niliweka kiondo chini nikasimama nikasema, "Rebecca ni mimi. Mwelu. Na aliyekufa ni mama wa Daktari." Mzee Nahashon akavua kofia. Hakuna aliyenicheka, mwanangu. Miaka yote ile niliogopa uso wa mtu akijua, na nyuso zenyewe ndizo hizo, Truphena analia kuliko mimi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha mpaka nimechoka.

Baada ya hapo wakaanza mmoja mmoja kusema majina yao kama watoto wa shule. Mzee Nahashon akasema kama Mwelu ametoa lake penye aibu, yeye atatoa lake penye upuzi wa Samson, wa kuuza ng'ombe kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Wakazitoa zile fomu, nyingine zilikuwa zimekunjwa, nyingine Truphena amefungia chumvi. Wakakata kile kisanduku kwa rula, kwa wino, mistari miwili, na pembeni wakaandika majina yao kamili. Zote kumi na moja zimo ndani ya bahasha hii. Wanataka waandikwe katika kitabu vile walivyojiandika. Ukiona N ya Nahashon imegeuka, iache hivyo hivyo kwenye fomu, kitabuni umnyooshee.

Selpher peke yake ameomba abaki Agnes. Mumewe anajua Alhamisi anakwenda mazoezi ya kwaya, na akijua vingine kutakuwa na vita. Kwa hivyo sheria yenu si mbaya, nimeiona kazi yake. Lakini Selpher ameulizwa, akachagua, na fomu ameitia sahihi kwa mkono wake, Agnes, herufi nzuri kuliko zote. Sisi wengine hukutuuliza. Hilo ndilo tulilokataa, na waambie hivyo walimu wako wakubwa wa huko, kwamba watu wazima huulizwa.

Utahesabu fomu na kuona yangu haimo. Sikuisahau. Barua hii ndiyo fomu yangu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ndogo, ya manjano, usiitupe. Ni ile telegramu. Ilikuwa kwenye Biblia yangu tangu siku ile. Mwaka wa kwanza wa darasa, nilipoweza kuunganisha silabi, sikuanza na kitabu cha Mwalimu, nilianza na hiyo, nimejifungia chooni. "Nthambi mgonjwa sana anakuita njoo upesi." Maneno sita. Kwanza sikukuambia kwa aibu, halafu kwa kukupenda, na mwisho sikujua tena ipi ni ipi.

Sasa sikiliza ombi langu. Katika ukurasa wa kwanza mimi ni Mwelu, aliyekulea. Katika ukurasa wa mia na kumi na mbili mimi ni Rebecca, aliyesema hakuna jibu. Umenigawa watu wawili, mmoja wa kushukuriwa na mmoja wa kufichwa. Naelewa ulifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mimi ni mmoja, mwanangu. Yule aliyekuosha miguu ndiye yule aliyefungia telegramu ndani ya Biblia.

Kwa hivyo pale palipoandikwa kwamba Rebecca alimwambia mtafiti, andika Mwelu alimwambia Ndinda, mtoto wa Nthambi. Ukiweza kuandika hivyo, nitajua umeniona nzima na bado mimi ni mama yako mdogo. Ukishindwa, basi lifute lile jina la ukurasa wa kwanza, umwache Rebecca pale alipo, na maneno yake uyatumie, nimekubali. Sitakasirika. Nitakuombea vile vile na sweta nyingine nitafuma. Ila usiniache tena bila neno. Aliyeulizwa zamani kama kuna jibu nilikuwa mimi, na leo ninayeuliza ni mimi.

Sasa nimalize, Kilonzo ameamka anauliza kama naandika Biblia ya pili. Anakusalimu, anasema kiti chako hakijakaliwa. Muthama na mkewe wanakusalimu, na yule wa meno mawili. Mwalimu Patrobas anakusalimu kwa cheo, "Daktari", amesafisha koo kabla ya kulitamka. Truphena anasema hana kinyongo, uje ule samaki kwake, lakini uje na jina lake. Mzee Nahashon anauliza huko kuna reli. Selpher anakusalimu kimyakimya. Msalimie yule mama mwenye nyumba wako anayekupa supu, mwambie nimemsukia kiondo, kitakuja na mtu akipatikana.

Mungu aliyekutoa kwenye mlango ule na gauni la bluu akakufikisha huko, akutunze kifua chako, akupe watu wa kukusikiliza vile unavyosikiliza watu, na akurudishe kwangu ungali na njaa ya chakula changu.

Mama yako mdogo akupendaye, yule yule mmoja wa kurasa zote mbili,

Mwelu